Hilo Wimbi ni la Nani? Maneno ya Majini, Santa Cruz

Mambo vipi wadau! Leo nipo Santa Cruz, California, juu ya genge, jirani na mnara wa taa. Hapo chini ndipo Steamer Lane, mahali watu wanapoteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Na hao mnaosikia wakibweka si mbwa, ni simba-bahari, wamejilalia kwenye mwamba pale.

Wengi mmeniomba niwafundishe lugha ya hawa jamaa wa mbao, na najua mnachotaka: maneno ya kutambia. Haya, chukueni. Mtu aliyepata wimbi zuri akatoka anachekelea yuko "stoki". Wimbi likijikunja likawa handaki naye yumo ndani, hiyo ni "bareli". Mwereka wa nguvu ni "waipauti". Mtoto anayeteleza ni "gromu". Basi, hayo yanatosha kwa kupigia picha. Yanayopigiwa kelele huko majini ni mengine, na mengi yanazunguka swali moja: hilo wimbi ni la nani?

Maana wimbi moja huwa la mtu mmoja. Wanaosubiri wamekalia mbao zao, nyuma kidogo ya pale maji yanapovunjikia. Hapo ndipo "lainapu". Mwenye haki ni yule aliye karibu zaidi na kilele, wimbi linapoanza kupasuka. Akishasimama, wewe ukijitosa mbele yake, umedropu. Hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo, na si suala la adabu tu: ubao una pua ngumu na mapezi makali chini, watu hushonwa nyuzi. Kuna na "kusneki", yaani kumzunguka mwenzio kimya kimya ili umpite upande wa kilele. Anayeyafanya haya bila hata kujua anafanya nini huitwa "kuk". Acheni kucheka, sikusema kuku, ingawa hutimuliwa vilevile.

Neno moja lishikeni hata kama hamtakuja kugusa ubao: "autsaidi!" Mawimbi makubwa huja kwa makundi, "seti", yakitoka kwenye dhoruba za mbali huko kaskazini mwa Pasifiki. Kati ya seti na seti bahari inatulia, watu wanapiga soga. Mara aliye nje kabisa anaona mstari mweusi unainuka, anapiga ukelele huo, yaani "nje huko!", na wote wanalala kifudifudi wakichapa maji kwa mikono kuelekea baharini. Naam, baharini! Mgeni hugeuka akimbilie nchi kavu, ndipo wimbi linamvunjikia mgongoni. Wenye mbao fupi huzamisha pua wakapita chini ya wimbi, mtindo wa bata. Ubao mrefu hauzami, kwa hiyo mwenyewe anajipindua, ubao juu, yeye chini, ameng'ang'ania kingo mpaka wimbi lipite. Hiyo wanaiita kugeuka kasa.

Kulia na kushoto navyo vina utaratibu wake. Wimbi la hapa ni la kulia, lakini kulia kwa anayeteleza akielekea nchi kavu. Ukiwa ufukweni unaliona linakimbilia kushoto kwako. Anayetanguliza mguu wa kushoto ni "regula", wa kulia ni "gufi". Gufi hapa huteleza amelipa wimbi mgongo, na wapo wanaofanya hivyo vizuri ajabu.

Upepo wanaousifia, "ofushoo", ndio umande wetu, ule utokao bara alfajiri. Watu wa Pangani na Lamu mnaujua. Unalikabili wimbi kwa mbele, linasimama wima, uso laini. Ndiyo sababu jamaa wanaingia maji ya baridi kali kabla jua halijatoka, wamevaa mpira mwili mzima.

Mchezo wenyewe uliletwa hapa na Wahawaii. Mwaka 1885 wana watatu wa ukoo wa kifalme, waliokuwa wakisoma California, waliteleza mdomoni mwa mto San Lorenzo, hapo tu ng'ambo, kwa mbao za mti wa redwood. Na Wahawaii wana kipimo chao: wengi hulipima wimbi kwa mgongo wake, si kwa uso. Wakikuambia futi nne, uso unaokukabili ni kama futi nane. Wavuvi wetu huongeza samaki, hawa wanapunguza wimbi! Kwa hiyo mtu wa Hawaii akikwambia "dogo tu hilo", uliza kwanza limepimwa wapi.

Haya haya, seti inaingia, ngoja nigeuze kamera. Mwangalieni wa ubao wa njano, yule aliye karibu na genge. Kilele ni chake. Amesimama... na huyu wa bluu anapiga mikono mbele yake, anakwenda, anakwenda... mmesikia hiyo filimbi? Amevuta breki, ameukalia ubao. Mwenye wimbi hata hakugeuka kumtazama.