Kubadili Tairi la Pikipiki Nyumbani: Leva Tatu, Sabuni na Magoti

HAMADI: Karibuni tena kipindini. Mko na mimi Hamadi.

ZUHURA: Na mimi Zuhura. Hamjambo?

HAMADI: Leo ni tairi la pikipiki. Kuvua kuukuu na kuvisha jipya, nyumbani, kwa mkono, bila mashine. Na naanza na ubishi kabisa, dada Zuhura. Fundi yupo. Mtu ajitese kwa nini?

ZUHURA: Fundi yupo, na apate riziki yake. Ila pancha haichagui mahali. Kazi hii ukiizoea nyumbani, mchana, huna haraka, siku ikikukuta njiani hutababaika. Halafu gurudumu likishatoka unaona mambo ambayo siku zote yamejificha. Bearingi inakwaruza, spoki imelegea, pedi ya breki imebaki bati.

HAMADI: Sawa. Mikono ninayo, tena ya kutosha. Nitajie vifaa.

ZUHURA: Hiyo "mikono ninayo" ndiyo inayotoboa tyubu za watu! Tutafika huko. Leva za tairi, yaani vyuma vya kuinulia tairi litoke kwenye rimu, tatu ndizo nzuri, mbili zinatosha ukibanwa. Ncha ziwe bapa, zimeviringwa, hazina makali. Bisibisi iweke mbali.

HAMADI: Watu wanatumia bisibisi kila siku.

ZUHURA: Na kila siku wananunua tyubu. Halafu maji ya sabuni, ile ya kuoshea vyombo, na brashi ya kuipakia. Spana za ekseli, ule mtaimbo unaopita katikati ya gurudumu. Kifunguo cha kutolea kile kipini cha ndani ya valvu. Pampu, geji ya upepo, na vipande vya mbao vya kulazia gurudumu. Kama rimu ni ya alumini, tafuta na vipande vya plastiki ngumu vya kukinga ukingo. Hata chupa nene ukiikata inafaa.

HAMADI: Sabuni tu? Nimeona wengine wanapaka grisi.

ZUHURA: Wasipake. Oili na grisi zinaharibu mpira, tena hazikauki. Siku ukishika breki kwa nguvu, rimu na tairi vinaachana, kila kimoja kinakwenda njia yake, tyubu inavutwa katikati na valvu inang'oka. Sabuni inateleza leo, kesho imekauka.

HAMADI: Kutoa gurudumu lenyewe tupite haraka, maana kila pikipiki ina mpangilio wake.

ZUHURA: Haraka, ndiyo. Pikipiki isimame imara, isiyumbe hata ukiigonga. La nyuma: legeza nati ya ekseli, sukuma gurudumu mbele, vua cheni, chomoa ekseli. Bushi, vile vipande vya bomba vinavyovaa ekseli, ya kushoto na ya kulia zinaweza kufanana lakini zisiwe sawa kwa urefu, kwa hiyo piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Na kama breki ni za diski, usiminye breki gurudumu likiwa nje. Pistoni zinazisukuma pedi zikutane, diski haipati pa kurudi, na umejizalishia kazi nyingine.

HAMADI: Gurudumu liko chini.

ZUHURA: Chini juu ya mbao, diski isibebe uzito. Diski ikipinda, breki itatetemeka mpaka uinunue nyingine. Sasa toa kipini cha valvu, upepo wote utoke. Fungua na nati ya kwenye shina la valvu. Na kama umefungua kwa sababu ya pancha, chora alama ya chaki kwenye tairi pale pale penye valvu. Ukishaona tundu kwenye tyubu, alama inakuonyesha pa kuutafuta msumari ndani ya tairi. Msumari unatafutwa kwa kitambaa. Usipitishe kidole kitupu, utakuta waya unakungoja.

HAMADI: Hilo la chaki sikuwahi kulisikia. Haya, tairi limekaa miaka, limeganda kwenye rimu kama limezaliwa nalo.

ZUHURA: Hapo unabandua mdomo. Mdomo wa tairi ni ule ukingo mgumu unaokaa ndani ya rimu. Kwa pikipiki ndogo, kisigino tu: kanyaga ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, sogea kidogo, kanyaga tena, mpaka uzunguke. Ukigoma, tumia klampu kubwa, ubane pande zote mbili. Na ukiwa na pikipiki ya pili, gurudumu lilaze chini ya stendi yake ya pembeni. Guu la stendi likalie mpira, vidole viwili tu kutoka kwenye ukingo wa rimu, kisha pikipiki iegemezwe upande huo taratibu. Unausikia mdomo unaachia. Lazima awepo mtu wa pili wa kuishika. Pikipiki mbili chini kwa ajili ya tairi moja, utacheka baadaye sana.

HAMADI: Baada ya kulipa vioo. Sasa leva. Hapa ndipo jasho linapoanza.

ZUHURA: Kabla hujachomeka leva, nikuulize. Upande wa pili wa tairi, ule ulio mkabala na leva yako, uko wapi?

HAMADI: Upo upo tu, uko chini.

ZUHURA: Kazi yote iko hapo, kaka. Ndani ya mdomo wa tairi mnapita waya wa chuma. Waya ule hauvutiki, uwe na misuli ya namna gani. Na duara lake ni dogo kuliko duara la ukingo wa rimu, ndiyo maana tairi halichomoki ukikata kona. Sasa litatokaje? Itazame rimu kwa ndani. Katikati yake kuna bonde, sehemu iliyozama. Mdomo wa upande wa pili ukiingia bondeni, huku kwenye leva unapata nafasi, unapanda ukingo bila vita.

HAMADI: Kwa hiyo yale mabomba marefu ya kuongezea nguvu ya leva…

ZUHURA: Ni ya nini? Weka magoti kwenye ubavu wa tairi, upande ulio mkabala na leva, mdomo ushuke bondeni na ubaki humo. Leva ya kwanza inua, ya pili iweke karibu, vidole vitatu hivi, ya tatu karibu tena. Anzia penye valvu, kwa sababu pale bonde limezibwa na valvu yenyewe, na wewe bonde unalihitaji upande wa magoti. Leva ikigoma, usiongeze nguvu. Angalia magotini. Utakuta mdomo umepanda tena kwenye kiti chake, pale unapokaa kando ya ukingo wa rimu.

HAMADI: Na nikilazimisha?

ZUHURA: Unapigana na chuma. Kitakachoharibika ni ukingo wa rimu, au waya wenyewe. Waya ukikatika, tairi hilo ni la kutupa hata kama umelinunua leo asubuhi.

HAMADI: Tena tusilalamike sana. Matairi ya upepo ya mwanzo ya baiskeli yalikuwa yanagandishwa kwenye rimu kwa gundi. Pancha moja, unabandua gundi, unaziba, unagandisha upya, unangoja ikauke. Ni akina Michelin kule Ufaransa waliosajili tairi la baiskeli linalovulika, mwaka 1891, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mbio za baiskeli za Paris kwenda Brest na kurudi.

ZUHURA: Kwa hiyo leva zetu zina zaidi ya miaka mia. Haya, mdomo wa kwanza umetoka, vuta tyubu, kisha mdomo wa pili utoe upande uleule wa rimu. Sasa usikimbilie tairi jipya. Futa rimu, kwangua kutu, pitisha mkono kwenye ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Utepe ukiwa umechanika, spoki moja tu iliyochomoza itakutoboa tena.

HAMADI: Na tairi jipya tulisome kwanza. Mimi napenda kusoma ubavu wa tairi. Chukua 3.00-18 51P. Hiyo 3.00 ni upana, inchi tatu. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 51 ni namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, maana yake kilo 195. P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa.

ZUHURA: Na tarehe. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT. 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Tairi jipya dukani linaweza kuwa kongwe kuliko lile unalolivua.

HAMADI: Mshale je?

ZUHURA: Mshale unafuata mzunguko wa gurudumu pikipiki ikienda mbele. Uhakikishe kabla hujavisha, maana ukikosea unarudia kila kitu. Kama kuna nukta ya njano, ipange na valvu. Kwa kawaida ni alama ya sehemu nyepesi ya tairi, na valvu inaongeza uzito pale pale. Kama jua lipo, lianike tairi muda kidogo, linalainika.

HAMADI: Kuvisha sasa.

ZUHURA: Sabuni midomo yote miwili. Mdomo wa kwanza mara nyingi unaingia kwa kusukuma na mikono tu. Tyubu itie upepo kidogo, ipate umbo, isijikunje. Ipake poda ya talki. Iingize, valvu itokeze kwenye tundu lake, nati yake ishike kidogo tu isianguke ndani. Mdomo wa pili anzia mkabala na valvu, piga magoti hapo ulipoanzia, nenda pande mbili kuelekea kwenye valvu. Ukifika karibu na mwisho, isukume valvu juu kwa kidole, tyubu iondoke chini ya mdomo.

HAMADI: Na ile sentimita kumi ya mwisho.

ZUHURA: Ndiyo inayoua tyubu! Mtu amechoka, anaona bado kidogo, anaichomeka leva mpaka ndani na kuivuta kwa hasira. Leva inaibana tyubu kwenye rimu. Kwa nje huoni kitu. Unajaza upepo, unasikia "sss", na mchana wote umekwenda. Leva iingie kidogo tu, ishike mdomo, basi. Ikiwa ngumu, ongeza sabuni, rudi magotini. Mwisho wa kuvisha unatakiwa uwe mwepesi. Kama si mwepesi, upande wa pili haumo bondeni.

HAMADI: Upepo.

ZUHURA: Rudisha kipini, jaza. Mdomo utakaa kwenye kiti chake kwa kishindo, "pa!" kimoja au viwili. Pembeni ya mdomo kuna mstari mwembamba uliochorwa kuzunguka tairi. Umbali wake na ukingo wa rimu uwe sawa pande zote mbili, mzunguko mzima. Ukizama mahali, toa upepo, paka sabuni pale, jaza tena. Usipite kiwango cha mtengenezaji wa tairi. Wapo wanaosema usizidi PSI 40, kipimo cha upepo kwenye geji, wakati wa kukalisha mdomo. Vidole visiwe karibu. Kisha toa upepo wote, ujaze upya kwa kiwango cha pikipiki yako, ili tyubu iliyojikunja ijinyooshe.

HAMADI: Kwa lisilo na tyubu, pampu ya mkono inatosha?

ZUHURA: Mara nyingi hapana. Lile linahitaji upepo mwingi kwa mara moja, mdomo ushike kabla upepo haujavuja. Kompresa inasaidia. Na mimi nasema waziwazi, tairi pana la pikipiki kubwa, kama 180/55-17, upana milimita 180, ubavu mfupi na mgumu, rimu ya alumini iliyopakwa rangi, hilo nampelekea fundi mwenye mashine. Linawezekana kwa mkono, lakini mikwaruzo ya rimu itakuuma kuliko hela ya fundi.

HAMADI: Balansi?

ZUHURA: Pitisha ekseli kwenye gurudumu, iegemeze kwenye vitu viwili vya kimo kimoja, lizungushe polepole uliache. Upande mzito utashuka chini. Bandika kipande cha uzito juu, mkabala nao, jaribu tena, mpaka lisimame popote unapoliacha. Kwa pikipiki ndogo ya mwendo wa taratibu wengi hawahangaiki. Kwa mwendo kasi, usiruke.

HAMADI: Tunarudisha gurudumu, tunaondoka.

ZUHURA: Huondoki. Nati ya ekseli ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, cheni iwe na ulegevu wake, gurudumu lizunguke bila kugusa kitu. Halafu piga breki, mara kadhaa, pikipiki ikiwa imesimama, mpaka leva ya breki iwe ngumu. Pedi ukizisukuma kurudisha diski, zinabaki mbali nayo, na breki ya kwanza inakuwa hewa tupu. Usikutane na hiyo hewa getini, na gari linakuja. Kesho yake asubuhi, tairi likiwa baridi, pima upepo tena.

HAMADI: Na lile tairi jipya linang'aa, unatamani ulilaze kwenye kona uone.

ZUHURA: Usililaze. Juu lina utelezi. Kilomita 160 hivi za kwanza nenda kwa adabu, breki za mapema, kona za kiungwana, ongeza kulala kidogo kidogo mpaka ule mng'ao uishe hadi pembeni.

HAMADI: Na mvua ikinyesha siku hiyohiyo?

ZUHURA: Kaa ndani, safisha leva zako. Wasikilizaji, tutumieni maswali yenu ya cheni, maana wiki ijayo Hamadi ndiye atakayeshika spana.

HAMADI: Mimi tena! Haya, kwaherini.