Kipindi cha Karakana: Upepo wa Kusi na Matundu Katika Mshono wa MIG

BI ZUHURA: Assalaamu alaykum, wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Leo tulipanga kasoro nne za uchomeleaji wa MIG, ule wa waya unaotoka wenyewe kwenye tochi huku gesi ikiukinga: matundu, mfereji wa pembeni mwa mshono, chuma kutoshikana na chuma kutoboka. Maalim, naomba tuanze na jambo nililolikuta Jambiani wiki hii, kwa sababu mpaka sasa linanitia wasiwasi.

MAALIM HAJI: Wa alaykumu ssalaam. Tueleze, Bi Zuhura.

BI ZUHURA: Mwenye nyumba mmoja aliniita nimtazamie mnara wa tangi la maji uliochomelewa papo hapo uwanjani, karibu na ufukwe. Tangi ni la lita 2,000, kwa hiyo likijaa, miguu ile inabeba tani 2 za maji mbali na uzito wa tangi lenyewe, na chini yake watoto wanacheza. Kwa nje mishono imenyooka na imepakwa rangi ya fedha. Nilipopitisha grainda juu ya mshono mmoja na kuondoa tabaka jembamba tu, nilikuta ndani matundu matupu, kama mkate wa kumimina uliokatwa.

MAALIM HAJI: Yalienea mshono mzima, au yalikuwa sehemu moja? Nauliza kwa sababu mahali yalipo ndipo penye jibu. Yakijikusanya sehemu moja, tafuta kutu, rangi, mafuta au unyevu uliokuwa pale kabla ya kuchomelea. Yakiwa mwishoni tu, mara nyingi fundi ameondoa tochi upesi, kabla chuma kilichoyeyuka hakijaganda chini ya kinga ya gesi. Yakienea mwanzo hadi mwisho, ishuku gesi kwanza.

BI ZUHURA: Yalienea mwanzo hadi mwisho, na miguu inayoelekea baharini ndiyo iliyoathirika zaidi. Ule uliokingwa na ukuta wa nyumba ulikuwa na nafuu kubwa.

MAALIM HAJI: Basi hiyo ni kusi, wala tusitafute mbali. Gesi inayotoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa tochi, iwe kaboni dayoksaidi tupu au mchanganyiko wake na agoni, kazi yake ni kuzuia hewa isifikie chuma kilichoyeyuka. Upepo ukiisukuma kando, naitrojeni na oksijeni za hewani huingia humo, na chuma kinapoganda, gesi hunaswa ndani na kuacha matundu. Upepo wa mita 2 kwa sekunde unatosha kuleta madhara hayo, nao ni ule unaouhisi usoni huku majani yakichakarika kidogo tu. Upande wa mashariki wa Unguja, miezi hii, upepo wa namna hiyo tunauita shwari.

BI ZUHURA: Na fundi akiona matundu, jambo la kwanza analolifanya ni kufungua gesi zaidi. Hapo ndipo anapoongeza tatizo, kwa sababu gesi ikitoka kwa kasi mno huvurugika mdomoni mwa nozeli na kuvuta hewa ya nje iingie nayo. Kwa waya wa milimita 0.8 au 1.0 ndani ya karakana, lita 10 hadi 15 kwa dakika zinatosha. Kabla ya kugusa regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopima gesi, atazame kama nozeli imeziba kwa cheche zilizoganda, kama mpira wa gesi umepasuka, na kama tochi ameishika mbali mno. Waya uliotokeza nje ya tipu, kile kijibomba cha shaba unamopitia, usizidi milimita 15, na penye upepo mimi nautaka uwe 10.

MAALIM HAJI: Penye upepo mimi siutaki kabisa. Uchomeleaji wa MIG wa gesi ni kazi ya ndani. Mnara ule ungechomelewa vipande vipande karakanani, ukapelekwa Jambiani na kufungwa kwa bolti. Kama hapana budi kuchomelea uwanjani, fundi atumie elektrodi za kawaida, vile vijiti vilivyopakwa dawa, ambazo moshi na takataka zake huikinga kazi yenyewe, au waya wenye dawa ndani usiohitaji mtungi wa gesi.

BI ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe, Maalim. Vijana wangu wanachomelea nje kwa MIG mwaka mzima. Tunazungushia turubai pande tatu, tunapandisha gesi kidogo hadi lita 18, tunakaribisha nozeli, na kila asubuhi tunachomelea kipande cha majaribio, tunakivunja na kutazama ndani.

MAALIM HAJI: Turubai linasaidia chini. Juu ya mnara, upepo unapanda kutoka chini ya miguu yako na unazunguka nyuma ya hilo turubai. Kipande cha majaribio ulichokichomelea asubuhi hakikwambii lolote kuhusu upepo wa saa tisa mchana.

BI ZUHURA: Na elektrodi zako je? Zile za namba 7018, zinazotakiwa kwa kazi ya kubeba mzigo, pakiti ikishafunguliwa huhitaji kuwekwa kwenye tanuri la zaidi ya nyuzijoto 100. Katika unyevu huu wa bahari, ni karakana ngapi zinalo? Ukizichomelea zikiwa zimevuta unyevu, utapata matundu yale yale, na haidrojeni inaweza kukuletea nyufa juu yake.

MAALIM HAJI: Za namba 6013 hazidai tanuri, na mnara wa mabomba membamba zinaumudu. Ni kweli lazima zihifadhiwe pakavu. Hata hivyo, elektrodi fundi anaweza kuzifungia ndani ya kopo zisipate unyevu, lakini kusi hawezi kulifungia.

BI ZUHURA: Analikinga. Mimi nimeyavunja hayo majaribio kwa mikono yangu na nimeona chuma kizima ndani.

MAALIM HAJI: Nakuamini kwa ulivyovivunja. Wasiwasi wangu ni mishono isiyovunjwa.

BI ZUHURA: Hapo hatutakubaliana leo. Tunalokubaliana ni marekebisho: matundu hayafukiwi kwa kupitisha mshono mwingine juu yake. Mnara ule nimeagiza tangi limwagwe kwanza, mishono isagwe yote hadi kionekane chuma kisicho na tundu, rangi iondolewe walau milimita 25 kila upande, pasuguliwe kwa brashi ya waya, ndipo pachomelewe upya.

MAALIM HAJI: Kwa turubai au kwa elektrodi?

BI ZUHURA: Kwa turubai, Maalim. Ukipenda, njoo uisimamie. Nami naona muda umetutupa mkono; mfereji wa pembeni na kutoboka hatukuvigusa.

MAALIM HAJI: Kutoshikana kwa chuma kunataka kipindi chake chenyewe, khasa kwa wanaochomelea bamba nene kwa moto mdogo. Neno moja kwa watakaonunua waya wenye dawa ndani: nyingi ya zile zisizohitaji gesi, kama E71T-11, hutaka tochi iwe upande wa hasi, ilhali waya wa kawaida wa MIG hutaka chanya. Fungueni kifuniko cha mashine, mbadilishane nyaya za hasi na chanya kabla ya kuwasha.