Robert Hamada na Kuivua Beta Deni

M: Karibuni tena. Leo tuna Robert Hamada, profesa wa fedha wa Chicago, baadaye amidi wa shule yake ya biashara. Fomula yake, ya kutenganisha riski ya biashara na riski ya madeni, inafahamika kuliko mwenyewe.

Z: Na wanaikosea kila siku, kaka! Alianza na uhandisi wa kemikali pale Yale, 1959. Uzamivu wa fedha akaupata MIT 1969, ingawa Chicago alishaanza kufundisha 1966.

M: MIT alikuwepo Modigliani, Chicago alikuwepo Miller. Ndio wale waliosema 1958 kwamba, kodi ukiiweka kando, kukopa hakubadilishi thamani ya kampuni. Hamada akaioanisha hoja hiyo na beta, yaani kipimo cha hisa inavyoyumba pamoja na soko zima.

Z: Makala yake ya 1972 ilichukua kampuni 304. Kwa wastani, kama asilimia 21 hadi 24 ya riski inayopimwa na beta ilitokana na madeni na hisa za upendeleo tu, yaani zile zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida. Biashara yenyewe haihusiki.

M: Tupige hesabu. Unathamini kiwanda cha saruji ambacho hakipo soko la hisa, kwa hiyo hakina beta. Unatafuta mwenzake aliyeorodheshwa: beta 1.35, deni bilioni 50, hisa bilioni 100 kwa bei ya sokoni, kodi asilimia 30.

Z: 50 kwa 100 ni 0.5. Zidisha kwa 0.7, maana riba inapunguza kodi: 0.35. Ongeza 1. Sasa gawa beta kwa 1.35, inabaki 1. Umeivua deni, imebaki riski ya biashara tu. Kama kiwanda chako deni na mtaji ni sawasawa, ivike upya: 1 mara 1.7, unapata 1.7.

M: Watu wanateleza wapi?

Z: Wanachukua mtaji wa vitabuni, yaani ulioandikwa kwenye hesabu za kampuni, badala ya bei ya soko. Au wanagawa deni kwa jumla ya deni na hisa, 50 kwa 150, beta iliyovuliwa inatoka 1.09 na hakuna anayeshtuka. Kubwa zaidi: fomula inachukulia kwamba deni halina riski na kiasi chake hakibadiliki. Kampuni iliyolemewa na madeni, wakopeshaji nao wanabeba sehemu ya riski, lakini fomula inawatwisha wenye hisa yote. Beta inapaa isivyo halali. Na benki usiiguse kabisa. Amana za wateja ni deni au ni malighafi?

M: Ha! Uamidi alishika 1993 hadi 2001. Mwaka 1994 tu shule ilifungua jengo la Gleacher katikati ya Chicago na kampasi ya MBA ya watendaji Barcelona, kisha Singapore 2000.

Z: Kampasi hizo zilikuja kuhamia London na Hong Kong. Jina la Booth, ambalo shule inalo sasa, nalo ni la 2008, kwa hiyo anayemwita Hamada amidi wa Booth ametangulia wakati.

M: Swali la mwisho, dada. Nikipata kampuni tano za kufanana?

Z: Vua kila moja kwa deni lake na kodi ya nchi yake. Chukua ya katikati, ndipo uivike mara moja. Ukitafuta wastani kabla ya kuvua, umechanganya madeni ya watu watano ukayaita saruji.