Mtoto Asiogope Kutuambia

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Lubumbashi)

Baba na mama, walimu wenzangu, asanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja tuzungumze juu ya usalama wa watoto wetu mtandaoni.

Tumezoea kusema, "Mtoto wangu hana simu." Kweli, hana yake. Lakini jioni mama akirudi kutoka soko la Kenya hapa mjini, simu yake inaingia mikononi mwa mtoto mpaka mega za intaneti ziishe. Humo mna pesa za biashara na namba za ukoo mzima. WhatsApp, Facebook na TikTok zote zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Wa miaka tisa anaingia kwa jina la mama yake.

Ujumbe unafika: "Umeshinda mega! Nitumie zile tarakimu sita ulizopata sasa hivi." Mtoto anafurahi, anatuma. Kumbe tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti ya WhatsApp ya mama. Haupiti muda mwizi anamwandikia shangazi wa Kolwezi: nimekwama, nitumie faranga kidogo. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, wekeni PIN yenu, na mtoto ajue kwamba tarakimu za namna hiyo hatajiwi mtu yeyote, hata akijiita mwalimu.

Hayo yanafundishika darasani kwa saa moja. Linalonikosesha usingizi ni jingine. Binti wa miaka 14 anapata rafiki mtandaoni, mwenye picha nzuri na maneno matamu. Anaombwa picha ya uso, halafu nyingine, halafu ile asiyoweza kumwonyesha mtu. Hapo rafiki anageuka: lete pesa, la sivyo picha inakwenda kwa baba yako na kwa prefe, mkuu wa shule. Kwa nini binti hamkimbilii mama yake? Kwa sababu anajua yatakayomkuta: fimbo, simu kuchukuliwa, pengine kutolewa shule. Yule anayemtisha analijua hilo pia, na analitegemea. Bila hofu ya mtoto kwetu sisi, hana cha kumshikia.

Kwa hiyo nawaomba, kila mzazi aseme nyumbani kwake kabla lolote halijatokea: "Ukiniambia sitakupiga, wala sitakunyang'anya simu kwa kuwa umeniambia." Mkishasema, timizeni, hata siku mtakayosikia jambo la kuwachoma moyo. Nalisisitiza hili kuliko yote niliyosema leo.

Mtoto akija, msifute kitu. Pigeni picha ya skrini, andikeni namba na jina la akaunti, kisha mfungieni huyo mtu asiweze kuandika tena. Msilipe, aliyelipwa mara moja hurudi. Iko pia huduma ya bure, Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha za utupu zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yenu: hutumwa alama ya tarakimu tu, na mitandao inayoshiriki huitumia kuitafuta picha hiyo na kuiondoa. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote asiyetimiza miaka 18, na inaadhibu ponografia ya watoto. Mkosaji ni yule anayetisha. Binti yenu asiadhibiwe mahali pake.

Walimu, nasi tujichunguze. Siku ya matokeo tunaweka mtandaoni picha ya mtoto, jina lake kamili, darasa lake, na sare inayoonyesha shule. Mtu asiyemjua ameshajua pa kumngojea akitoka. Tumpongeze, ndiyo, ila jina na darasa vibaki kwenye karatasi ya shule, na mzazi aulizwe kwanza.

Sasa toeni simu zenu. Walimu watapita kwenye madawati kuwasaidia kuweka PIN, na kwenye sehemu ya faragha ya WhatsApp kuchagua kwamba ni watu mliohifadhi namba zao tu wanaoweza kuwaingiza kwenye vikundi. Mwenye swali asilotaka kuuliza mbele za watu, anikute pale mlangoni tukimaliza.