Handaki Lina Midomo Miwili

Mabibi na mabwana, nianze na bomba la maji. Mwaka 1989, nyumba moja mjini Agua Prieta, kaskazini mwa Mexico, ilikuwa na bomba ambalo ukilifungua mtambo wa haidroliki ulianza kazi, na meza ya biliadi ikapanda juu pamoja na kipande cha sakafu iliposimama. Chini yake palikuwa na mdomo wa handaki. Mdomo wa pili ulikuwa ndani ya ghala mjini Douglas, Arizona. Huko ndiko dawa za kulevya zilikotokea, na kikundi cha Sinaloa, genge la Mexico linalosafirisha dawa hizo, kikawa kimepata ufundi ambao hakijauacha hadi leo.

Sasa fikirini. Maafisa wa forodha wa Marekani wana uwezo wa kuvunja mlango wa ghala. Nyumba yenye meza hawaigusi. Afisa anayetambaa ndani ya shimo kutoka kaskazini, akifika chini ya mpaka, mamlaka yake yameishia hapo, hata kama mbele yake anasikia watu wakikimbia. Akisonga mita moja zaidi ameingia nchi ya watu bila ruhusa. Wachimbaji wanalijua hilo vizuri kuliko baadhi yetu.

Ndiyo maana nasema ushirikiano wa Marekani na Mexico katika kuyasaka mahandaki haya haupimwi kwa mikutano. Swali ni moja: upekuzi ukianza upande mmoja, upande wa pili unaarifiwa saa ngapi? Ukiwaarifu mapema mno, siri inaweza kuvuja, na maisha ya mtoa habari yakawa hatarini. Ukichelewa, unaukuta mdomo wa kusini mtupu. Nami nasema bila kuficha: mitambo ya kusikiliza ardhi haijamaliza tatizo hili. Mahandaki mengi yamejulikana kwa sababu mtu alisema, au kwa bahati tu. Kwa hiyo uaminifu kati ya mpelelezi na mpelelezi, wanaofahamiana kwa majina, una thamani kuliko kifaa chochote.

San Diego, mji wa California ulioko mpakani, walilielewa hilo mapema. Kikosi chao maalumu cha mahandaki kiliwaweka pamoja askari wa doria ya mpakani, wapelelezi wa usalama wa ndani na wale wa dawa za kulevya. Eneo la Otay Mesa mjini humo ni gumu: udongo wake wa mfinyanzi huchimbika bila kuporomoka upesi, na juu yake kuna maghala mengi na malori yanayoingia na kutoka kutwa. Nani atashangaa lori moja zaidi?

Agosti 2019 liligunduliwa hapo handaki ambalo urefu wake, uliotangazwa Januari 2020, ulikuwa mita 1,313, refu kuliko yote yaliyowahi kupatikana kwenye mpaka huo. Lilikuwa na reli, umeme, mfumo wa kuingiza hewa, mifereji ya kutoa maji, na lifti kwenye mdomo wa Tijuana, upande wa Mexico. Upana wake ni kama sentimita 60 tu. Mtu hawezi kunyoosha mikono, lakini kitoroli kinapita.

Kuhusu sheria sitakawia. Hadi 2006 Marekani haikuwa na sheria ya shirikisho inayotaja uchimbaji huu kuwa kosa. Leo anayechimba au kugharamia anaweza kufungwa hadi miaka 20, na mwenye ardhi anayejua au kupuuza, hadi 10.

Linaloniumiza zaidi ni zege. Upande wa Marekani handaki likikamatwa hujazwa zege. Upande wa Mexico, kwa miaka mingi, mara nyingi uliachwa wazi kwa kukosa fedha, ukazibwa mdomoni tu. Genge likarudi, likanunua au kupanga nyumba jirani, likaingia katika mamia ya mita zilizokwisha kuchimbwa, kisha likachepuka pembeni kidogo kulikwepa zege la kaskazini. Kazi ya mwaka mzima ya wapelelezi ikageuka kuwa msaada kwa wachimbaji!

Kwa wanaoandaa bajeti katika nchi zote mbili nina ombi. Kesi ya handaki isifungwe kwenye jalada kwa sababu watu wamekamatwa na mzigo umepimwa. Siku zege linapoagizwa upande wa kaskazini, iwepo hati iliyosainiwa na pande zote mbili inayosema zege la kusini linalipiwa na nani, na litamwagwa tarehe gani.