Kipindi: Nenda kwa Meya

AKINYI: Wasikilizaji, leo nimeingia studio na viatu mkononi. Wekesa ni shahidi.

WEKESA: Mimi nilidhani umetoka kuvua.

AKINYI: Maji taka, bwana! Kule Nyalenda, hapa Kisumu, yamefurika mbele ya geti letu tangu Jumatatu. Tumepanga matofali, tunaruka kama vyura. Nikaenda ofisi moja, wakanituma ya pili. Ya pili wakaniuliza, umeandika barua? Narudi nyumbani, yule mzee jirani yangu, na redio yake mapajani, ananiambia, "Mwanangu, nenda kwa meya."

WEKESA: Meya yupi? Hao tuliwaaga 2013, kaunti na magavana walipoingia!

AKINYI: Nikamwambia. Akasema, "Basi ndiyo maana."

WEKESA: (anacheka) Na ndiyo mada yetu, wagombea wa umeya. Nimeandika mambo matano ya kumpima mgombea. La kwanza...

AKINYI: Ngoja. Mzee anasema uchaguzi wa meya ukikaribia, madiwani walikuwa wanafichwa hotelini.

WEKESA: Ndiyo. Wewe na mimi tulikuwa tunamchagua diwani tu, wao wanachagua meya miongoni mwao. Kura chache namna hiyo, mgombea anazilinda kama mayai.

AKINYI: Huko hotelini walikuwa wanakula nini?

WEKESA: Kuku.

AKINYI: Kisumu? Samaki!

WEKESA: Samaki ako naye kwake. Nani atauza kura kwa kitu alichoacha jikoni? Ni ingokho.

AKINYI: Mluhya ameongea.

WEKESA: Tena kuku mzima, mpaka firigisi.

AKINYI: Sawa, lakini mimi nataka meya. Wa kumchagua mwenyewe. New York 2025 wamempigia Mamdani kura ya umeya wenyewe, mtoto aliyezaliwa Kampala hapo. Sisi tuna meneja wa jiji, ameteuliwa. Nikimkasirikia nitamnyima nini?

WEKESA: Unamnyima gavana kura. 2027 utapewa karatasi sita, Akinyi. Sita! Unataka ya saba?

AKINYI: Gavana ana kaunti nzima: ana Nyando, ana Seme, ana Muhoroni. Tofali langu ataliona saa ngapi?

WEKESA: Na meya akigombana na gavana, maji yako yatangoja waamue nani mkubwa.

AKINYI: Si yanangoja hata sasa? Mama Grace Onyango alikuwa meya hapa 1965, na 1969 watu wakamchagua kwenda Bungeni. Walimjua kwa sura.

WEKESA: Umeya alipewa na madiwani, dada.

AKINYI: Hiyo haibadilishi kitu.

WEKESA: Inabadilisha kila kitu.

AKINYI: Hapana.

(kimya)

WEKESA: ...Fundi wa sauti anatuonyesha dakika moja. Na mambo yangu matano?

AKINYI: Weka mfukoni.

WEKESA: Hata moja tu! La kwanza, mgombea...

AKINYI: Wasikilizaji, tuandikieni: kuku au samaki? Wekesa, nipitishie hicho kiatu. Hapana, kile kikavu.