Hii "toa moja" tuitoe kwenye majaribio yetu

Habari za jioni. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu wiki hii tu nimelikuta tena kwenye msimbo wa kijana ninayemwelekeza. Dibaga zetu, zile programu za kusaka makosa ndani ya programu nyingine, hazina neno. Wenye neno ni majaribio ya dibaga: tunayaandikia prosesa moja, halafu tunayaita majaribio ya prosesa zote.

Nakwenda moja kwa moja. Ukiweka brekipointi, yaani alama ya kusimamisha programu, kwenye x86, prosesa za Intel na AMD, dibaga inafunika mwanzo wa amri iliyopo kwa baiti moja, 0xCC. Prosesa ikiifikia, programu inasimama, lakini kaunta ya programu, ile inayoonyesha tumefika anwani gani, imeshaipita baiti hiyo. Basi dibaga inatoa moja kwenye kaunta, inarudisha baiti ya zamani, kazi inaendelea. Wengi tulijifunzia hapo, na ile "toa moja" tukaibeba kila tuendako.

Mimi niliibeba kwenye jaribio dogo la C linalotumia ptrace, njia ya Linux ya programu moja kuiongoza nyingine. Kwenye laptopu lilipita kila siku. Nikalihamishia kwenye kompyuta ndogo ya ARM64, aina nyingine ya prosesa, likafeli: hakuna brekipointi kwenye anwani hii. Siku mbili nzima nikaishuku kompaila. Siku ya tatu nikachapisha anwani yenyewe kwenye skrini, nikaona inaishia na f (anwani huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9, kisha a hadi f). Hebu tulieni hapo kidogo. Amri zote za ARM64 zina baiti 4, na kila amri inakaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Mwisho wake utakuwa 0, 4, 8 au c. Hiyo f imetoka wapi? Imetoka kwenye mkono wangu, nilipotoa moja kwenye anwani iliyoishia na 0. Kwenye ARM64, amri ya kusimama, brk, ikishasimamisha programu, kaunta inabaki palepale kwenye brk. Hakuna cha kutoa.

Nikalirekebisha, likaja la pili. Jaribio hili lilikuwa na amri ya kusimama iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe. Linasimama, naliambia endelea, linasimama palepale. Endelea, palepale. Kwenye x86 kaunta ilikuwa imeshavuka, kwa hiyo hatukuwahi kujua kwamba kuna kazi ya kuvusha. Kwenye ARM64 lazima jaribio liisogeze kaunta baiti 4 lenyewe.

Kuna anayesema moyoni: basi niandike sharti, x86 toa moja, wengine wote sifuri. Hapana, tafadhali! Nenda kwenye s390x, zile mashine kubwa za IBM: brekipointi ni baiti 2, na kaunta inarudishwa 2. Sharti lako limekufa siku hiyo hiyo. Weka jedwali mahali pamoja: baiti gani zinaandikwa, urefu wake, kaunta irudi kiasi gani. Jaribio liulize jedwali. GDB yenyewe, dibaga maarufu, ndivyo ilivyojengwa, kila usanifu wa prosesa unatangaza mambo yake, nasi tunakwenda kuandika 0xCC kwa mkono kwenye mafaili thelathini.

Mwingine ananiambia wateja wetu wote ni x86. Ndugu yangu, simu iliyo mfukoni mwako ni ARM. Amazon walileta seva za Graviton mwaka 2018, Apple wakaanza kuhamisha Mac mwaka 2020. Mteja wako atahama bila kukuaga.

Kinachoniumiza kabisa ni jaribio linaloanza na "kama si x86, ruka". Ripoti inatoka kijani tupu, bosi anafurahi, na hakuna kilichopimwa. Ruka kwa kukosa uwezo, usiruke kwa jina la prosesa. Brekipointi za maunzi, zilizojengwa ndani ya prosesa yenyewe, kwenye x86 ni 4. Kwenye ARM64 zinaweza kuwa 2, zinaweza kufika 16. Linux inakujibu ukiiuliza. Iulize, kisha weka idadi iliyopo.

Naonyeshwa dakika mbili. Kuvizia kumbukumbu, yaani programu isimamishwe inapoandika mahali fulani: x86 inasimama baada ya kuandika, ARM64 inasimama kabla. Jaribio linalosoma thamani mpya papo hapo litaikuta ya zamani. Mengine njooni tuyaongee nje.

Kuna anayeuliza kama jedwali linatosha kwa RISC-V, aina nyingine ya prosesa; hili nalijibu. Mle amri za baiti 4 na za baiti 2 zinakaa pamoja. Ukiandika ebreak, amri yake ya kusimama, ya baiti 4 juu ya amri ya baiti 2, umeharibu amri jirani, na sehemu nyingine ya programu ikiruka hadi pale itakuta uchafu. Kwa hiyo hata jedwali langu halitoshi peke yake. Soma kwanza amri iliyopo: biti zake mbili za chini zikiwa 1 zote, tumia ebreak ndefu, vinginevyo, ile fupi, 0x9002. Safu ya baiti zinazoandikwa kwenye jedwali iwe funksheni, isiwe namba.